Tunaogopa riba, hatuogopi uongo wa kwenye fomu

USIKU wa Ijumaa moja, mwezi Novemba, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Minnesota, Marekani. Huku Dar es Salaam tulikuwa tumeshaswali Isha, kule ilikuwa adhuhuri na yeye anajiandaa kwenda Ijumaa. Hakuwa na salamu ndefu kama kawaida yake. Alitaka nimtafutie fatwa.

Binti yake wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Chuo kikamwambia ajaze fomu ya kuomba msaada wa serikali. Binti akasema fomu atajaza, lakini wakimpa mkopo wenye riba hatatia sahihi hata baba yake akasirike vipi. Baba yake akaona dawa ni kunitafuta mimi, Baba Mkubwa, niende kwa masheikh wetu wa Kariakoo, nipate tamko kwamba dharura inaruhusu, kisha nimpigie binti simu nimsomee.

Nilikubali. Lakini kila nilivyozidi kumuuliza ili niweze kumweleza sheikh vizuri, niligundua kwamba chini ya swali la riba kulikuwa na swali jingine ambalo wala hakufikiria kulipeleka kwa sheikh. Ni hilo ninalotaka kulizungumza leo.

Kwanza niieleze fomu yenyewe, maana wengi tuna jamaa kule na tunaisikia kwa jina tu. Inaitwa FAFSA. Kuijaza ni bure. Msingi wake ni sheria ya elimu ya juu aliyoitia sahihi Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Mwanafunzi anajaza sehemu yake, na wazazi wake nao wanajaza zao, kila mmoja kwa akaunti yake, kwa idhini yake na sahihi yake. Siku hizi hesabu za mapato zinavutwa moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi. Si raia peke yao wanaoruhusiwa kuomba. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi naye anaomba, na mdogo wangu aliingia huko mwaka 2009 kwa bahati nasibu ya viza.

Fomu hiyo moja hufungua milango kadhaa. Mlango wa kwanza ni ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, iliyopewa jina la Seneta Claiborne Pell, ambayo mwanafunzi hairudishi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Wa pili ni ruzuku ya jimbo. Wa tatu ni kazi ndogo za pale pale chuoni, kama maktaba au ofisini, kwa malipo ya saa. Wa nne ni mkopo wa serikali kuu, na huo ndio wenye riba. Riba ya shahada ya kwanza kwa mikopo ya 2024/25 ilikuwa asilimia 6.53.

Jimbo la Minnesota nalo, tangu muhula wa vuli wa 2024, lina mpango wake: familia ambayo mapato yake kwa hesabu ya kodi hayafiki dola 80,000 kwa mwaka, mtoto wao hasomi kwa ada katika vyuo vya umma. Ruzuku nyingine zikishahesabiwa, jimbo linamalizia ada iliyobaki.

Mdogo wangu anaendesha lori la masafa. Mkewe anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mapato yao wawili ni kama dola 86,000. Ndugu msomaji, tazama namba hizo mbili. Kwa dola elfu sita tu, mtoto anatoka kwenye kusoma bila ada na kuingia kwenye kudaiwa maelfu.

Ndipo akaniambia mpango wake. Yeye na mkewe walifunga ndoa msikitini, nikah kamili yenye walii, mashahidi na mahari, lakini hawakuwahi kuisajili kwenye ofisi za wilaya za kule. Kila mmoja analipa kodi yake peke yake. Basi, akasema, kwenye fomu binti aandike kwamba wazazi hawakuoana na hawaishi pamoja, amtaje mama peke yake. Mapato ya mama peke yake ni dola 34,000. Ada imekwisha, riba hakuna, na kila mtu amepumzika.

Nikamwambia, lakini mnaishi pamoja, na fomu inauliza hilo: wazazi wanaoishi nyumba moja wanahesabiwa wote wawili, wawe na cheti cha serikali wasiwe nacho. Akajibu, "Kaka, hilo ni neno la karatasi. Mimi nakimbia riba."

Hapo ndipo niliponyamaza. Nilijua moyoni kwamba maneno yale si ya mdogo wangu peke yake. Ni maneno yetu sisi sote. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari hapa Dar, mzazi mmoja aliniletea barua ya kuombea msaada wa masomo niitie sahihi. Ilimtaja mwanawe kuwa yatima, na baba wa mtoto ndiye aliyeileta, kwa miguu yake, kutoka dukani kwake anakouza khanga. Nilipokataa aliniona mtu mwenye roho mbaya. Mzee huyo hakosi swala ya jamaa, na katika maisha yake hajawahi kuweka fedha benki kwa kuogopa riba.

Sasa, haki lazima itendeke. Hoja za mdogo wangu si za kitoto, na asiyezisikiliza hawezi kumshauri. Anasema jirani yake ana biashara ya fedha taslimu, anatangaza nusu ya anachopata, na watoto wake wanasoma bure. "Mimi ninayetangaza kila senti ndiye ninayeadhibiwa." Halafu akaniambia jambo lililonichoma zaidi. Fomu inauliza watu wangapi wanaishi naye na anawalisha. Yeye anajibu sita: yeye, mkewe na watoto wanne. Mama yetu aliyeko Chanika, mwenye kisukari na presha, hayumo. Watoto wa dada yetu marehemu hawamo. Kila mwezi anatuma dola 250 za dawa, chakula na ada za shule, na dola 200 nyingine za ujenzi wa nyumba ya familia. Ni zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya Washington, fedha hizo bado ziko mfukoni mwake.

Kwetu sisi kumlisha mama mzee asiye na kitu si hisani ambayo mtu akipenda huacha. Ni wajibu, na fiqhi yetu imeliandikia mlango wake kamili wa nafaqa. Fomu ile imetungwa na watu ambao kwao familia ni baba, mama na watoto walio chini ya paa moja. Ukijibu kweli kwa mujibu wa swali lao, hali yako inaonekana nyingine kabisa. Je, mtu anayeulizwa swali lililopinda ana dhima ya kutoa jibu lililonyooka?

Nililala nalo swali hilo siku mbili. Nilipolichunguza, niliona kwamba mdogo wangu amechanganya mambo mawili. Kama lengo lake lilikuwa kuwaambia ukweli wa mzigo wake, basi uongo aliouchagua hausemi ukweli huo. Hakuandika, "Ninamlisha mama yangu Tanzania." Aliandika, "Sina mke." Mzigo halisi aliuacha palepale ulipokuwa, akabuni mwingine.

Na mlango wa kusema ukweli ule upo. Sheria yao inampa ofisa wa misaada wa chuo mamlaka ya kuangalia hali maalumu ya mwombaji mmoja mmoja, kwa ushahidi, na kurekebisha hesabu: mtu aliyepoteza kazi, gharama kubwa za matibabu, na mengineyo. Wanaweza kumkubalia, wanaweza kumkatalia. Lakini mdogo wangu ana risiti za kutuma fedha za miaka yote, na mimi huku nina vyeti vya kliniki vya mama. Hakuwahi hata kuuliza, maana uongo ulikuwa karibu zaidi na haukuhitaji stempu.

Nikaenda kwa sheikh kama nilivyoahidi. Nilimweleza yote, la riba na la fomu. Alicheka kwanza, akasema, "Mwambie mdogo wako aanze na mkewe. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa nikah, talaka na kurejeana ni mambo ambayo mzaha wake unahesabiwa kuwa kweli. Mtu anakwendaje kutia sahihi kwamba mwanamke anayelala naye si mkewe?" Kisha akaacha kucheka.

Kuhusu riba alisema msimamo wa jumhuri ya wanazuoni uko wazi na aya za mwisho mwisho za Suratul Baqara hazina utata. Akakumbusha kwamba laana iliyotajwa na Mtume (SAW) haimwishii anayekula riba tu. Inamfika anayetoa, anayeandika na wanaoshuhudia. Lakini alinieleza pia, kwa uadilifu, ile njia ya wanaorahisisha. Imamu Abu Hanifa ana kauli kwamba katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu muamala wa namna hiyo baina ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu una hukumu tofauti. Mwanafunzi wake Abu Yusuf aliikataa kauli hiyo, na sisi wa madhehebu ya Shafi hatuifuati. Ila Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 1999, liliitaja kama kiegemeo kimojawapo liliporuhusu mikopo ya nyumba kwa Waislamu wa Magharibi wenye haja kubwa wasiopata njia nyingine.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Hata katika kauli hiyo ya Abu Hanifa, iliyo nyepesi kuliko zote, kuna sharti: mali ya wale watu ichukuliwe kwa ridhaa yao, bila hadaa. Aliyeingia nchi ya watu kwa amani amekwisha kuweka ahadi, na viza ni ahadi. Kwa hiyo yule anayetaka kuutumia mlango mwembamba wa ruhusa ya riba anakuta kwenye kizingiti chake neno lile lile: usihadae. Mdogo wangu anakimbia jambo lenye kauli mbili na kuangukia jambo ambalo halina kauli mbili.

Wengine watasema fedha ni za serikali, na serikali yenyewe tunaijua. Maneno haya nimeyasikia hapa Dar na nimesikia kuwa yapo hata kule. Fungu la ruzuku ya jimbo halitoki mbinguni. Linatengwa kwenye bajeti, lina kikomo, na waombaji wakizidi fungu, viwango vya wanafunzi wote hupunguzwa. Katika foleni hiyo ya Minnesota, aliye nyuma yako anaweza kabisa kuwa binti wa Kisomali aliyekulia kambini Dadaab na ambaye kweli hana baba. Ukichukua kwa kudanganya, unamchukulia yeye, wala hutauona uso wake.

Na sifa ya Waislamu je? Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu walifungua Minnesota kesi kubwa ya fedha za chakula cha watoto, kiasi cha dola milioni 250. Aliyeanzisha shirika lililokuwa katikati ya kesi hiyo ni mwanamke Mzungu, lakini washtakiwa wengi walikuwa wenye asili ya Kisomali, na tunajua vyombo vya habari vilichagua nyuso zipi za kuonyesha. Fomu ya FAFSA yenyewe inaonya kwamba anayedanganya kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 20,000 au kufungwa jela. Simtishi mdogo wangu kwa jela. Ninamkumbusha kwamba sahihi ya kwanza itakuwa ya msichana wa miaka 18, ambaye baba yake amemfundisha tangu utotoni kwamba uongo ni alama ya mnafiki.

Nilimpigia nikamweleza yote hayo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijui kama nimelijibu.

"Sawa kaka. Mimi nitasema kweli, mtoto hatakopa kwa riba. Sasa nani atalipa?"

Ndugu zangu, hapa ndipo sisi tunapokuwa wepesi wa ulimi. Kijana anatuuliza kuhusu mkopo, tunamjibu "haramu", tunafunga kitabu, tunakwenda kunywa kahawa. Kwetu hapa, tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, vijana wetu wamehangaika na swali hilo hilo. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Wapo walioiita riba kwa jina jingine, wapo walioichukua huku roho zinawauma, na wapo walioacha chuo. Tozo hiyo iliondolewa baada ya tamko la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi, 2021. Katika miaka yote ile, ni misikiti mingapi iliyokuwa na mfuko wa kumkopesha mwanafunzi mmoja bila riba? Mimi msikiti wangu ninaujua. Tulikuwa na harambee ya vigae.

Uingereza Waislamu angalau walipiga kelele. Serikali yao ikatoa waraka wa maoni mwaka 2014, na sheria ya mwaka 2017 ikaruhusu kuanzishwa kwa fedha za masomo zisizo na riba. Miaka mingi ikapita baada ya hapo bila mwanafunzi hata mmoja kuzipokea. Lakini hata hiyo ni hatua mbele kuliko "haramu" yetu ya kibarazani.

Fomu ilijazwa Desemba, kwa majina yote mawili, baba na mama, nyumba moja. Barua ya chuo ilikuja Machi. Ada na michango kwa mwaka ni kama dola 10,000, binti ataishi nyumbani. Pell wamempa dola 1,900, jimbo 1,600, kazi ya maktaba hadi 2,000. Zinabaki 4,500. Mkopo waliompa ni dola 5,500: katika hizo, 3,500 ni za aina ambayo serikali inabeba riba muda wote wa masomo na miezi sita baada ya kumaliza, na 2,000 ni za aina ambayo riba inaanza kuhesabiwa tangu siku ya kuchukua.

Mdogo wangu alikuja na rai mpya. Achukue ile 3,500 tu, na sisi tuweke akiba kila mwezi, tuilipe yote kabla ya miezi sita kwisha. Hatalipa riba hata senti. Nilirudi kwa sheikh. Alisema wapo wanaolitazama hilo kwa huruma, lakini yeye tatizo lake ni mkataba: mtu anatia sahihi kukubali sharti la riba akitumaini halitamfika, wala hajui kama atakuwa hai. Tena kuna ada kidogo, kama asilimia moja, inayokatwa mkopo unapotolewa. Jopo la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilikubali ada ya huduma kama ni gharama halisi ya kazi. Je, asilimia inayopanda kadiri mkopo unavyopanda ni gharama halisi ya kazi? Sheikh alitikisa kichwa. Mimi binafsi naona njia hii ni bora mara elfu kuliko kumkana mke kwenye karatasi, na nilimwambia mdogo wangu hivyo. Lakini binti hakukubali, na sikuona kwamba nina haki ya kumlazimisha aache wara wake.

Basi nilichukua kalamu. Nilichokiona kwenye karatasi kilinitia haya. Dola 200 za ujenzi kila mwezi ni 2,400 kwa mwaka. Nyumba ile ninaisimamia mimi, na ukweli ni kwamba chumba kimoja nimejitengea mwenyewe kwa uzeeni. Miezi yote ile niliyokuwa nikitafuta hukumu ya mkopo wa mtoto, sehemu ya fedha za kumtoa kwenye mkopo ilikuwa inapita mikononi mwangu na kugeuka saruji. Hakuna fomu iliyoniuliza hilo.

Nimemwandikia mdogo wangu asitume tena fedha za ujenzi. Zinabaki 2,100. Mimi na dada yetu wa Tanga tumekubaliana kubeba dawa za mama, kama dola 50 kwa mwezi, nazo zinapunguza 600. Zinabaki 1,500. Barua ya hali maalumu imeshapelekwa kwa ofisa wa chuo pamoja na risiti na vyeti vya kliniki vilivyotafsiriwa, na hawajajibu. Ikishindikana kabisa, binti amesema ataanza chuo cha miaka miwili ambacho ada yake ni ndogo, kisha ahamie chuo kikuu. Baba yake bado hapendi kulisikia hilo.

Hati ya mkopo iko kwenye akaunti ya binti, haijatiwa sahihi. Nyumba ya Chanika imesimama kwenye lenta, na mama ameanza kuniuliza fundi amekwenda wapi.